Je, Familia ya Kikristo Isome Habari za Mageuko ya Viumbe?



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya lishe, chanjo, maji safi na malezi ya watoto wachanga. Mwezi huu tunazungumza juu ya vitabu. Msishangae. Kusoma vibaya kwaweza kuleta msiba nyumbani, kama tutakavyoona, na kusoma vizuri kwaweza kuokoa maisha.

Somo lenyewe ni mageuko ya viumbe, ambalo watoto wetu wa sekondari huliita evolusheni. Sisi wauguzi wa hospitali ya misheni huulizwa habari zake mara nyingi kuliko mnavyodhani: kwenye kliniki ya watoto, wodini, hata nje ya kanisa baada ya Misa. Mzazi husema: "Nesi, mwanangu anafundishwa kwamba binadamu ametoka kwa nyani. Je, si dhambi hiyo? Nimwambie aliache somo hilo?"

Swali hilo ni zito. Kijana anayeambiwa achague kati ya Mungu na bayolojia anaweza kupotea upande wowote. Akiacha bayolojia, mlango wa uuguzi, udaktari na maabara umefungwa kwake, maana vyuo hivyo hudai ufaulu wa somo hilo. Akiacha imani, amepoteza kilicho kikubwa zaidi. Na hasara zote mbili ni za bure, kwa sababu Kanisa halijamtaka achague. Aliyemtaka achague ni kitabu kibaya, au mtu aliyesoma kitabu kibaya.

Kwa hiyo tujifunze pamoja mambo matano: somo hili linasema nini, linahusianaje na afya zetu, Kanisa linafundisha nini, tutatambuaje kitabu chema, na tuanzie wapi kusoma.

1. SOMO HILI LINASEMA NINI?

Mkulima wa mtama hapa kwetu hachukui mbegu ovyo. Wakati wa mavuno huchagua masuke yaliyojaa, yaliyokomaa mapema, yasiyoharibiwa na wadudu, akayahifadhi mpaka mvua za msimu ujao. Mwanawe hufanya vivyo hivyo, na mjukuu wake pia. Baada ya vizazi vingi mtama wa shamba lile unakuwa tofauti na ule wa babu. Hakuna suke hata moja lililojigeuza lenyewe. Masuke hayakuwa sawa tangu mwanzo. Mengine yalipata nafasi ya kupandwa na mengine hayakupata. Na kila lililopandwa lilirithisha sifa zake.

Sasa mwondoe mkulima, uuache ukame peke yake. Ukame nao huchagua. Mmea unaovumilia kiu hubaki na kutoa mbegu, na usiovumilia hunyauka kabla ya kuzaa. Wataalamu huuita huu uteuzi wa asili. Ndilo wazo ambalo Mwingereza Charles Darwin alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1859.

Darwin hakujua sifa zinarithiwaje. Jambo hilo lilianza kufumbuliwa na mtawa wa Kanisa letu, Gregor Mendel, Mwaugustino wa monasteri ya Brno, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki. Tangu mwaka 1856 hadi 1863 alipanda njegere bustanini, akazichavusha kwa mkono, akahesabu mbegu za mviringo na za mikunjo kizazi baada ya kizazi. Alichapisha matokeo yake mwaka 1866, na miaka mingi baadaye ulimwengu ukatambua kwamba alikuwa ameweka msingi wa elimu ya urithi.

Na binadamu je? Wataalamu hawasemi kwamba nyani tunayemwona leo porini alimzaa mtu. Wanasema mwili wetu na miili ya sokwe na nyani ina asili moja ya kale sana, kama matawi ya mti mmoja yaliyoachana mamilioni ya miaka iliyopita. Sehemu ya ushahidi iko jirani yetu, upande wa kaskazini, huko Ngorongoro. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aligundua Olduvai fuvu la zamadamu aliyepewa jina la Zinjanthropus, lenye umri wa miaka ipatayo milioni 1.75. Mwaka 1978 huko Laetoli zilifukuliwa nyayo za zamadamu waliotembea wima, kwa miguu miwili, juu ya majivu ya volkano, miaka zaidi ya milioni 3.6 iliyopita. Mumewe Mary, Louis Leakey, ambaye alifanya naye kazi Olduvai, alizaliwa Kabete nchini Kenya katika nyumba ya wamisionari wa Kianglikana.

2. LINAHUSIANAJE NA AFYA ZETU?

Tuchukue magonjwa mawili yanayojulikana katika kila kijiji.

Malaria. Wazee wanakumbuka klorokwini, vile vidonge vichungu vilivyowasha mwili. Viliponya watu wengi sana, kisha vikaanza kushindwa. Mwaka 2001 nchi yetu iliacha kuvitumia kama dawa ya kwanza ya malaria, ikaweka SP. SP nayo ikaanza kushindwa kutibu, na mwishoni mwa mwaka 2006 tukaanza kutumia dawa ya mseto, ALu.

Watu husema, "Mwili umezoea dawa." Sivyo. Mwili wa mgonjwa haukuzoea kitu. Katika mamilioni ya vimelea vya malaria, vichache vilikuwa na tofauti ndogo katika chembe zao za urithi, iliyowawezesha kuishi ndani ya dawa. Dawa iliua vingine vyote, na hivyo vichache vikabaki na kuzaana. Ni mtama na ukame vilevile, ila hapa ukame ni dawa yetu wenyewe. Malawi, jirani zetu, waliacha klorokwini mwaka 1993. Wataalamu walipoijaribu tena huko Blantyre, na kutangaza matokeo mwaka 2006, walikuta inaponya karibu kila mgonjwa. Dawa ilipoondoka, vimelea sugu havikuwa tena na nafuu juu ya wenzao, vikapungua. (Hii si ruhusa ya kutafuta klorokwini dukani! Fuateni dawa mnayoandikiwa baada ya kupimwa.)

Leo dawa ya mseto ingali inaponya, lakini Rwanda, Uganda na mkoani Kagera hapa nchini wamekwisha kuonekana vimelea vilivyoanza kuhimili sehemu mojawapo ya mseto huo. Mwenye kuelewa jambo hili haulizi tena kwa nini tunamkataza kumeza vidonge viwili vya jirani, au kuacha dozi siku ya pili kwa kuwa homa imeshuka. Anajua kwamba dawa nusu nusu huua vimelea vinyonge na kuviachia shamba vilivyo sugu. Ndivyo ilivyo pia kwa vijidudu vya kifua kikuu.

Siko seli, au selimundu. Mtoto huzaliwa na ugonjwa huu akirithi chembe ya urithi ya siko seli kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Anayerithi moja tu kwa kawaida haugui, huitwa mbebaji. Wataalamu walijiuliza: kama ugonjwa huu unaua watoto, mbona chembe yake haikwisha zamani? Jibu lilipatikana Afrika Mashariki. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alionyesha kwamba mbebaji ana kinga fulani dhidi ya malaria kali.

Baadaye alichapisha hesabu za wilaya ya Musoma, hapa hapa nchini. Kati ya watoto wachanga 287 aliwakuta wabebaji 89, yaani 31 kwa kila 100. Kati ya watu wazima 654 aliwakuta wabebaji 249, yaani 38 kwa kila 100. Sehemu yao iliongezeka kwa kuwa malaria ilikuwa imewaondoa zaidi watoto wasio na kinga hiyo. Na wenye chembe mbili, wagonjwa wenyewe? Walikuwa 9 kati ya watoto 287, lakini 5 tu kati ya watu wazima 654. Tusome hesabu hizo polepole, maana nyuma ya kila tarakimu kuna mama aliyelia.

Kwa nini tunawaeleza haya? Kwa sababu ndoa zimevunjika kwa kukosa maarifa haya. Mama anapewa lawama, anaambiwa amelaaniwa au ukoo wake una wachawi, anarudishwa kwao na mtoto mgonjwa mgongoni. Ukweli ni kwamba chembe moja ilitoka kwa baba. Haikuwa adhabu, ilikuwa kinga iliyowalinda mababu zetu, na wawili wenye kinga hiyo walipooana, katika kila mimba kulikuwa na nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Vijana wanaojiandaa kwa Sakramenti ya Ndoa wapime. Na mbebaji asidhani kinga hiyo inatosha: alale ndani ya chandarua kama wengine. Mtoto mwenye siko seli ndiye anayehitaji kulindwa na malaria kuliko wote.

Lakini angalieni jambo moja. Bayolojia inamweleza mama huyo jinsi chembe hiyo ilivyobaki katika damu ya watu wetu. Haimwelezi mtoto wake ni nani mbele ya Mungu, wala haimwambii baba kwamba kumkimbia mgonjwa ni dhambi. Maswali hayo yana mwalimu mwingine. Hapa ndipo tunapofika kwenye mafundisho ya Kanisa.

3. KANISA LINAFUNDISHA NINI?

Kitabu cha Darwin hakikuwekwa kamwe katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa na Kanisa, orodha ambayo yenyewe ilifutwa mwaka 1966.

Mwaka 1950 Papa Pio XII, katika barua yake Humani Generis, aliruhusu wataalamu na wanateolojia kuchunguza na kujadili kama mwili wa binadamu ulitokana na viumbe hai vilivyotangulia. Alisisitiza kwamba roho ya kila mtu huumbwa na Mungu moja kwa moja. Tarehe 22 Oktoba 1996 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliiandikia Akademia ya Kipapa ya Sayansi kwamba ujuzi mpya umeonyesha kuwa nadharia ya mageuko ni zaidi ya dhana tu. Naye alikumbusha kwamba hadhi ya mtu haiwezi kuelezwa kwa mwili peke yake. Tarehe 27 Oktoba 2014 Baba Mtakatifu Fransisko aliiambia Akademia hiyo hiyo kwamba mageuko hayapingani na uumbaji, na kwamba tusimfikirie Mungu kama mfanya mazingaombwe.

Na Kitabu cha Mwanzo je? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Dei Verbum ya mwaka 1965, unatufundisha kutafuta kile ambacho mwandishi mtakatifu alikusudia kusema, na kuzingatia aina ya uandishi aliyoitumia. Sura ya kwanza ya Mwanzo inaweka nuru siku ya kwanza na jua siku ya nne. Mababa wa Kanisa waliliona jambo hilo zamani sana, wakajua kwamba hatusomi taarifa ya maabara. Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu wa kaskazini, aliwaonya Wakristo wasitoe maneno ya ovyo juu ya mambo ya maumbile kwa kisingizio cha Maandiko, wasije wakawafanya wasioamini waidharau Injili yenyewe.

Kwa kifupi: Biblia inatufundisha nani aliyeumba, kwa upendo gani, na sisi tu akina nani. Bayolojia inachunguza ni kwa njia gani viumbe vimefikia hali vilivyo nayo. Yako maswali ambayo wanateolojia wangali wanayajadili, kama vile habari za wazazi wetu wa kwanza, na si vibaya kumwuliza paroko. Mkatoliki hadaiwi kukubali kila wanachosema wataalamu, lakini pia hana sababu ya kuwaogopa.

4. TUTATAMBUAJE KITABU CHEMA?

Sokoni mama hachukui samaki bila kumtazama macho. Na kitabu tukikague kwa maswali matano.

Swali la kwanza: Nani ameandika, na amejifunza nini? Mtu anayeandika juu ya mifupa ya kale awe amechunguza mifupa, au awe amejifunza vizuri kwa waliochunguza. Anayeandika juu ya mafundisho ya Kanisa awe ameyasoma. Vijitabu vingi vinavyogawiwa stendi za mabasi, na video nyingi zinazosambazwa kwenye simu, hazina hata jina la mwandishi. Dawa isiyo na jina hatuimezi.

Swali la pili: Kimeandikwa lini? Imani haichakai, lakini habari za sayansi huongezeka. Kitabu cha mwaka 1950 hakiwezi kukueleza nyayo za Laetoli za mwaka 1978. Kitabu cha zamani si lazima kiwe kibaya, ila kisiwe cha pekee unachosoma.

Swali la tatu: Kinaonyesha tumejuaje? Kitabu chema hakisemi tu, "Wataalamu wamethibitisha." Kinaeleza walichimba wapi, walihesabu nini, walipimaje, kama zile hesabu za Musoma tulizozisoma. Pia hakioni haya kutaja jambo ambalo bado halijafahamika.

Swali la nne: Kinajua mpaka wake? Hapa ndipo vitabu vingi huanguka, na huanguka pande zote mbili. Upande mmoja kuna vitabu vya dini vinavyosema dunia ina miaka 6,000 tu na kwamba wataalamu wote wanadanganya. Upande mwingine kuna vitabu vya sayansi vinavyoanza vizuri na njegere na mifupa, halafu ghafla vinatangaza kwamba hakuna Mungu wala roho. Mwandishi huyo ameruka ukuta. Hakuna darubini iliyompima Mungu ikamkosa. Ukikuta sentensi ya namna hiyo usichome kitabu. Weka alama pembeni kwa penseli, andika "haya si bayolojia," kisha endelea na mengine yaliyo mema.

Swali la tano: Kinawaheshimu watu wote? Swali hili sisi Waafrika tusilisahau. Watu wetu wengi huchukia somo hili kwa sababu lilitumiwa kututukana. Mwezi Septemba 1906 kijana kutoka Kongo, Ota Benga, aliwekwa katika nyumba ya nyani kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, mjini New York, watu wakamiminika kumtazama. Wachungaji weusi wa mji ule walipinga, na wiki chache baadaye akatolewa. Mwaka 1916 alijiua. Walioandika vitabu vya kupanga watu kwa ngazi, mweupe juu na mweusi chini, walijidai kwamba ndiyo sayansi.

Sayansi yenyewe imewakana. Ushahidi wa leo, wa mifupa na wa chembe za urithi, unaonyesha kwamba wanadamu wote ni ukoo mmoja na kwamba asili yao ni Afrika. Kwa hiyo tuna kipimo chepesi hapa mkoani. Kikitokea kitabu kinachowataja ndugu zetu Wahadzabe, ambao wengine wao wanaishi Mkalama, kwamba ni mabaki ya watu wa kale au kwamba wako karibu zaidi na wanyama, tukiweke chini. Wahadzabe ni watu wa leo kama sisi. Ukoo wao una umri ule ule kama wa Mnyaturu, Mnyiramba, Mbarabaig au Mzungu, na kila mmoja wao ni sura ya Mungu.

5. TUANZIE WAPI?

Tuseme ukweli: vitabu vya Kiswahili juu ya jambo hili ni vichache, na vya Kiingereza ni ghali. Hata hivyo familia inayotaka kusoma haitakosa.

Hatua ya kwanza ni Katekisimu ya Kanisa Katoliki, ambayo imetafsiriwa kwa Kiswahili na inapatikana kwenye parokia nyingi. Someni namba 282 hadi 289 juu ya uumbaji, mkazie 283 na 284 zinazozungumzia uchunguzi wa asili ya ulimwengu na ya mtu. Kisha namba 362 hadi 368 juu ya mwili na roho. Ni kurasa chache. Jioni mbili zinatosha.

Hatua ya pili ni kitabu cha mwanao. Kwa miaka mingi mada ya mageuko imefundishwa katika bayolojia ya Kidato cha Nne. Kama mzazi hujui Kiingereza, mwambie mtoto asome ukurasa mmoja kisha akueleze kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Mtafaidika wote: mzazi atajua kinachofundishwa, na mtoto ataelewa, maana hakuna anayeweza kueleza asichokielewa. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ambayo kijana mwenye simu anaweza kusoma vitabu vya shule. Ziko pia maktaba za mikoa za Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania.

Hatua ya tatu ni kuona kwa macho. Olduvai kuna jumba la makumbusho. Shule na vikundi vya vijana wa parokia wanaopanga safari za mbali wafikirie safari hiyo. Anayeona mifupa na zana za mawe hujadili kwa utulivu kuliko aliyesikia porojo.

Hatua ya nne ni kwa walimu, makatekista na vijana wanaosoma Kiingereza vizuri. Kenneth Miller ni Mkatoliki aliyefundisha bayolojia katika Chuo Kikuu cha Brown, Marekani; kitabu chake cha mwaka 1999 kinaitwa Finding Darwin's God. Anatetea mageuko kwa nguvu zote, na anaeleza kwa nini bado anakwenda kanisani. Francis Collins ni daktari na Mkristo wa Kiprotestanti, aliyeongoza mradi mkubwa wa kusoma chembe zote za urithi za binadamu, uliokamilika mwaka 2003. Kitabu chake The Language of God kilitoka mwaka 2006. Kwa upande wa Maandiko Matakatifu, Kardinali Joseph Ratzinger, ambaye baadaye alikuwa Papa Benedikto XVI, alitoa mahubiri ya Kwaresima mjini Munich mwaka 1981 juu ya uumbaji. Kwa Kiingereza yamechapwa katika kitabu kidogo kiitwacho In the Beginning. Parokia ikinunua kimojawapo kwa mwaka na kukiweka ofisini ili watu waazime kwa zamu, mzigo hautamlemea mtu mmoja.

Mwishowe, msisome peke yenu. Anayesoma peke yake akikwama huacha, au hushika vibaya alichosoma. Someni wawili wawili, au familia nzima. Mwenye swali la imani amwulize paroko au katekista. Mwenye swali la mwili amwulize mwalimu wa bayolojia, au aje kwetu hospitalini. Kuuliza si ujinga.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Kijana wa jumuiya yetu anasema ataacha bayolojia kwa sababu ya imani. Tutamwambia nini? Na yule anayesema ataacha kusali kwa sababu ya bayolojia?

2. Kwa nini si kweli kusema "mwili umezoea dawa"? Eleza kwa mfano wa mtama.

3. Katika kijiji chetu yupo mama anayelaumiwa kwa sababu ya mtoto mwenye siko seli? Jumuiya imfanyie nini wiki hii?

4. Chukueni kitabu, kijitabu au ujumbe wa simu unaozungumza juu ya asili ya binadamu. Upimeni kwa yale maswali matano. Umefaulu mangapi?

5. Parokia yetu ina Katekisimu ngapi? Nani anazitunza, na mara ya mwisho ziliazimwa lini?